Kumpisha Mkwe Njiani

Machi 23

Mvua tangu alfajiri. Daftari hili kanipa Prisca, kurasa za mwanzo zimechanwa. "Wifi, andika humo," kaniambia, "maana ukiendelea kunisimulia mimi nitaacha cherehani niwe mganga wako." Prisca ni dada wa mume wangu. Anashona vizuri, ila mdomo wake hauna breki.

Kilichonifanya nishindwe kunyamaza ni simu ya jana. Aliko kapiga! Mume wangu, baba Kisa, ambaye tangu aende Afrika Kusini tumekuwa tukisikia habari zake kwa watu, mara yuko mgodini, mara kafa. Yuko hai. Kaazima simu ya mtu. Kaugua, kaibiwa kila kitu, kazi hana, na namba pekee iliyobaki kichwani mwake ni hii yangu, kwa sababu aliisajili yeye mwenyewe kwa kidole chake wakati mimi kitambulisho sina.

Anataka kurudi. Lakini aliondoka kwa kuuza ng'ombe wa baba yake bila kuaga, na Mkwe alisema mbele ya ukoo mzima kwamba asikanyage tena uani kwake.

"Muulize Baba," Aliko akaniambia. Sauti yake ilikuwa inakatikakatika. "Nitapiga tena baada ya Pasaka. Akikataa, au nisipokupata, nitajua hamnitaki. Nitabaki huku huku, wanizike huku."

Muulize Baba! Huyu kasahau mila za kwao? Mimi nimuulize Mkwe? Kwetu mwanamke hasemi na baba wa mumewe. Hamtazami, hatamki jina lake, hakai naye chini ya paa moja. Nyumba nyingi hapa Ipyana wameshaacha, hasa waliosoma, lakini kwetu bado. Tangu niolewe naishi ua mmoja na yule mzee na sijui uso wake umekaaje. Akipita anakohoa, mimi najitupa pembeni, nageuza mgongo mpaka apite. Mama mkwe alipofariki, maneno yote kati yetu yakawa yanapita kwa Prisca.

Machi 24

Prisca kamuuliza. Mkwe hakujibu. Kachukua panga lake kaenda kwenye kokoa.

Machi 26

Mvua. Hajajibu.

Machi 27

Mvua. Nimelala na simu kifuani. Najua Pasaka bado, lakini mtu wa kuazima hapangi ratiba.

Machi 29

Simu imepotea.

Nimeandika hivyo ili nione kama itaniuma kidogo. Wapi.

Asubuhi nilipeleka ndizi Ipinda. Nikauza, nikanunua sabuni na dagaa wa usipa, nikapanda pikipiki ya Wilson. Simu niliifunga kwenye fundo la kanga kiunoni, pamoja na sabuni. Nina hakika, maana kila tukiruka shimo nilikuwa naishika. Barabara kubwa ilikuwa imefunikwa na maji, watu wote na baiskeli zao wakawa wanakatiza kwenye njia yetu ya mashambani, matope yamekuwa uji. Wilson akanishusha njia panda. "Mama Kisa, humo siingii, nitazama na chombo." Akanisaidia kushusha kapu. Nikatembea. Njiani nikampisha Mkwe kama kawaida, nikaloa mpaka magotini, nikafika nyumbani, nikafungua fundo nimpe Kisa sabuni akaoge. Sabuni ipo. Simu hakuna.

Nilirudi mbio mpaka njia panda. Nimepekua matope kwa mikono, watu wananipita wanasema huyu mama anatafuta kambare? Prisca kapiga namba yangu mpaka kidole kimemuuma. Haipatikani.

Jioni akanikalisha. "Haya wifi, sema hatua moja moja." Nikasema: soko, usipa, pikipiki, mashimo, njia panda, kapu. Kapu! Wilson alishika kapu, alinisogelea mpaka kiunoni. Nani mwingine alinisogelea leo? Hakuna.

Wilson. Mtoto wa watu, anaimba kwaya.

Machi 30, Jumapili

Mchungaji kahubiri kondoo aliyepotea. Nimelia kwa sauti. Wenzangu wamedhani nimeguswa na Roho, wameniwekea mikono kichwani. Nimewaacha tu.

Aprili 1

Nimekwenda Kyela mjini kurudisha laini. Msichana wa dukani, kucha ndefu, mpole, akaangalia kompyuta.

"Mama, laini hii ni ya Aliko. Mwenye kidole yuko wapi?"

"Afrika Kusini."

"Basi akija mje naye."

"Mwanangu, akija laini sitaihitaji tena."

Akanionea huruma, lakini huruma haina alama ya kidole. Nimerudi kwa miguu nusu ya safari. Namba aliyotumia Aliko kupiga imo ndani ya simu ileile, kwa hiyo hata kumtafuta siwezi. Atapiga, atasikia haipatikani, atasema wamenikataa. Na mimi nipo hapa nimekaa!

Aprili 3

Prisca ana grupu la WhatsApp linaitwa KILICHOPOTEA KYELA. Wamo watu wa Tukuyu, Tunduma, Kasumulu, mpaka Karonga kule Malawi, wengi wao wafanyabiashara. Hawajuani. Mtu akipoteza mbuzi, cheti, mtoto, anaandika humo. Prisca kaandika kwa niaba yangu: simu janja ndogo nyeusi, kioo kimepasuka kona ya juu, nyuma ina kibandiko cha ua la njano alichobandika mtoto. Mwenye kuiona atuambie, ni maisha ya mtu.

Nilimuuliza kuna faida gani kuwalilia watu nisiowajua. Prisca akasema unaowajua wamekusaidia nini?

Aprili 4

Watu wamejibu wengi! Wengine pole tu. Mmoja anasema anayo, tumtumie kwanza hela ya kuitolea. Grupu zima likamcheka likamfukuza. Mwanamke mmoja wa Karonga, Marta, muuza mchele, amenisalimia kwa lugha yetu kabisa: "Mugonile. Dada usilie, hata mimi mume wangu aliwahi kukaa kimya huko huko. Nitaangalia soko letu." Sijamwona hata sura, nimempenda.

Aprili 5

Mvua. Hakuna.

Aprili 6

Hakuna. Mpunga wa bondeni umefunikwa na maji, majani tu yanachungulia. Mkwe kashinda huko na jembe anafungua mifereji. Kuhusu mwanawe hajasema neno. Moyo wa yule mzee umeumbwa na nini?

Aprili 8

Kuna mwanamume kwenye grupu, Hezroni, dereva wa lori Tunduma. Yeye ndiye anaongoza. Kaniuliza maswali kuliko polisi: ulikaa wapi, nani alikugusa, nani aliondoka haraka. Nikajibu kwa simu ya Prisca. Nikaandika pikipiki. Nikaandika kapu. Wakataka jina.

Nikaandika Wilson.

Prisca alikuwa anapima nguo ya mteja. Aliporudi akasoma, akanitazama. "Wifi, una uhakika?" Nikamwambia nani mwingine? Akasema hilo si jibu.

Aprili 9

Wameitafuta picha ya Wilson wameipata, yuko na kanzu ya kwaya. Wameiweka. Chini yake maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari la shule.

Aprili 10

Wilson kaja. Kasimama uani kwenye mvua, hakutaka kuingia barazani. Kijana mkubwa yule, machozi na mvua vimechanganyika.

"Mama Kisa, nimekubeba tangu una mimba ya huyo mtoto. Nimewahi kukuchelewesha hata chenji?"

Nikasema simu ilikuwa kiunoni mpaka kwako.

"Basi nivue nguo unipekue hapa hapa! Abiria wananikimbia. Wenzangu kijiweni wamenisogezea benchi mbali. Jana wamesema wakinikuta njia ya Ipinda watanifundisha."

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nikayaacha. Nikasema, "Kama hujachukua, Mungu atakutetea." Neno baya sana lile, nimelisikia likitoka nikatamani kulirudisha. Akawasha pikipiki akaondoka.

Nyuma ya banda la kokoa nikasikia mtu kakohoa. Mkwe alikuwa pale muda wote. Nikajificha jikoni.

Aprili 11

Sijalala. Je, kama si yeye? Lakini kama ndiye, na nikimwachia, Aliko anapotea. Nikiweka hiki kwenye mizani, kile kinaruka juu. Mvua haijakata.

Aprili 12

Naandika haya nikiwa nimejifunika kanga kichwani ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na nitaeleza kwa nini.

Asubuhi grupu liliwaka. Hezroni kaandika kwamba kuna vijana wa Ipinda wako tayari, leo mchana wanamsubiri Wilson darajani. Nikaandika, "Jamani msimpige, ulizeni tu." Nani ananisikiliza? Niliwasha moto mwenyewe, sasa naupulizia na mdomo uzime. Prisca kaandika kwamba mambo yachunguzwe kwanza, wakamjibu kwamba naye ni ndugu, anaficha kitu.

Ndipo Mkwe akamwita. Niliona kupitia mlango wa jikoni, mgongo wake tu, na Prisca kashika mdomo kwa mkono. Wakaingia bandani. Wakakaa. Prisca alipotoka hakuwa na utani hata kidogo. "Baba kaniambia jambo. Nilitaka niliandike mimi, wa grupu wakasema hawamtaki mtu wa kati, shahidi aseme kwa kinywa chake. Basi amejirekodi sauti. Sikiliza."

Nikamwambia siwezi kumsikiliza Mkwe, ni mwiko.

"Hajasema na wewe. Kasema na grupu."

Nikavuta kanga nikajifunika, na nikasikiliza. Naandika kama nilivyosikia, nimerudia mara nyingi nimeshika kwa kichwa.

"Mugonile. Mimi naitwa" — hapo katamka jina lake, hata humu siliandiki — "nalima kokoa hapa Ipyana. Huyo kijana wa pikipiki mwacheni. Simu haikupotelea kwake. Ilianguka baadaye, mke wa mwanangu alipokuwa ananipisha njia. Alirukia mtaroni, akateleza, akaanguka. Kitu cheusi kikamtoka kiunoni kikaingia majanini. Najua kwa sababu nilitazama."

Inasikika mvua kwenye bati tu.

"Mtu mzima kama mimi nilimtazama mkwe wangu. Nilisikia kishindo, nikadhani kaumia, nikageuza shingo. Nilipokuwa naenda zangu, nyuma akaja mtu wa baiskeli, kapakia vyungu vya Ikombe, kofia nyekundu, akasimama palepale akainama. Nilidhani mnyororo umemtoka. Nilipokuja kusikia simu imepotea, nilielewa. Sikusema. Kusema ilikuwa ni kukiri kwamba nilitazama. Nimekosa. Lakini mtoto wa mwenzangu asipigwe kwa aibu yangu. Ndaga, asanteni."

Mtaro! Nilianguka kweli, chali, kanga juu, kapu kule, usipa nimeokota mmoja mmoja. Na Prisca aliponiambia niseme hatua moja moja sikuutaja. Sikuficha, jamani. Sikukumbuka. Nimempisha yule mzee mara nyingi mno, nimetumbukia kwenye mitaro mingi mno, sasa hata sihesabu kama ni jambo limetokea. Ni kama kukanyaga kizingiti.

Kisha kijana mmoja akauliza, kwani kumtazama mkwe kuna nini? Wazee wakamjibu, sikujua kama humo wamo wazee wengi hivyo. Mmoja wa Tukuyu akasema, mwanangu, huyo mzee kavua nguo mbele yetu ili kijana mwingine asivuliwe. Hezroni akapiga simu darajani mwenyewe. Akaandika: "Nimewatawanya. Mzee, nisamehe. Nilikuwa na mdomo mkubwa."

Mimi nina aibu ya kila aina. Ya kuanguka, ya kutazamwa, ya Wilson. Na chini kabisa kuna kitu kingine, kidogo, kwamba alidhani nimeumia.

Aprili 13, Jumapili

Sikwenda kanisani. Wilson yuko kwaya.

Aprili 14

Nimekwenda kijiweni. Wilson alikuwa kakaa juu ya pikipiki, kofia usoni.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Uliniita mwizi mbele ya watu wangapi, Mama Kisa? Unaniomba radhi hapa, tuko wawili na mbuzi?"

Haki yake. Nikachukua simu ya Prisca, nikabonyeza, nikasema mbele yake kwa sauti yangu: mimi Tumpale, mke wa Aliko, nimemsingizia Wilson, hana kosa, anayempenda Mungu apande pikipiki yake. Wilson akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hapo kwenye kupanda pikipiki ungesema tena." Nikacheka huku nalia.

Prisca anasema Baba aliomba asikilizishwe. Kwa hiyo sauti yake na yangu zimekaa chumba kimoja, kati ya watu baki. Sijui mila inasemaje hapo.

Aprili 15

Sasa wote wanatafuta mtu wa vyungu! Hezroni kauliza madereva. Mtu wa Matema kasema wauza vyungu wa Ikombe ni wengi, lakini kofia nyekundu ni mmoja tu, na huwa anavusha mpaka Malawi.

Pasaka ni Jumapili hii.

Aprili 16

Mvua. Hakuna.

Aprili 17

IMEPATIKANA.

Marta wa Karonga! Jirani yake wa soko ndiye hununua vyungu vya Ikombe kwa jumla. Marta akamwendea, yule jirani akacheka: "Kumbe ni kweli? Yule mzee wa kofia alirudi juzi kaniuliza kama nimeona chungu chenye simu. Nilidhani kaanza kuzeeka." Ile siku alipoiokota ilikuwa imezimika kwa kuanguka, mvua inanyesha, akaitumbukiza kwenye chungu, kati ya majani makavu, isilowe. Alitaka amuulizie mwenye simu wakati wa kurudi. Vyungu hupangwa kidogo ndani ya kikubwa, kamba juu, vyote vinafanana. Akafika, akauza mzigo mzima, akasahau.

Marta amefungua vyungu vyote vilivyobaki, kimoja kimoja. Katuma picha: majani makavu, na katikati ua la njano la Kisa.

Nimepiga kigelegele mpaka Mkwe kakohoa kule bandani, sijui kwa kushtuka au vipi. Hakuna mwizi. Nilikuwa tayari mtu avunjwe miguu, na hakuna mwizi.

Aprili 18, Ijumaa Kuu

Mto Songwe wa mpakani umejaa. Barabara ya Kasumulu imekatika sehemu, magari yamelala. Marta yuko ng'ambo na simu yangu, imezimwa, haina chaji, na chaja ya kwake haiingii.

Aprili 20, Pasaka

Kristo amefufuka. Nimeimba na wengine. Kichwani: baada ya Pasaka, alisema. Baada ni lini? Leo jioni? Kesho?

Aprili 21

Pengine anapiga sasa hivi.

Aprili 22

Pengine alipiga jana. Nimepika ndizi za mbalaga nikasahau chumvi. Prisca kala bila kulalamika, hapo ndipo nilipojua hali yangu ni mbaya. Nimemwambia amuulize tena Mkwe kuhusu Aliko. Kamuuliza. Mkwe kasema, "Maji ya Songwe yameshuka?" Basi. Mimi nimeuliza habari ya mtu, yeye ananijibu habari ya mto!

Aprili 23

Maji yameshuka. Marta kasema anakuja mpaka darajani Kasumulu, lakini simu hampi mtu yeyote tu. "Siku hizi kila mtu ni Tumpale. Namtaka yule mzee aliyesema kwenye grupu. Nitamjua kwa sauti."

Mkwe kavaa koti la kanisani, na viatu kavishika mkononi. Wilson kamfuata mpaka uani. Nimewachungulia — si yeye, nimechungulia pikipiki — wakapotea kwenye kokoa.

Nimefagia ua mara tatu, ua wenyewe matope. Prisca kashona mkono wa blauzi kwenye shingo. Saa zimekwenda. Mvua ikapiga, ikakata, ikapiga tena. Nilikuwa nimeshaona pikipiki mtoni, Mkwe mtoni, simu mtoni.

Jua lilipoanza kuinama nikasikia mlio. Nikaingia jikoni. Nikasikia kikohozi, kisha hatua zinaondoka. Nilipotoka, juu ya kinu kilichopinduliwa simu ilikuwa imelala kwenye leso safi iliyokunjwa. Imechajiwa. Imewaka. Na sehemu ya simu zilizopokelewa, ya kwanza kabisa, namba ya nje.

Imepokelewa. Nikapiga yowe. "Nani kapokea simu yangu?"

Wilson alikuwa bado pale, ananyosha mgongo. Kakaa kwenye gogo kanisimulia. Marta waliongea naye kidogo tu, alipomsikia mzee anasalimia akaitoa simu kifuani. Wakaenda kibandani kuichaji, mvua imewafungia. Ilipowaka tu, haijakaa hata kidogo, ikaita. Mzee hakujua inapokelewaje, Wilson akamtelezeshea.

"Ikasema, 'Tumpale?' Mzee akasema, 'Si Tumpale.' Halafu kimya, Mama Kisa. Kimya mpaka nikadhani salio la mwenzake limekwisha. Nasikia upande wa pili mtu anahema. Mzee naye anahema."

"Kisha?"

"Kisha mzee akamuuliza, 'Umekula?'"

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Bado, Baba.' Mzee akasema, 'Basi njoo ule nyumbani.' Akanirudishia simu. Akageukia ukutani. Mimi nikatoka nje kuangalia mvua."

Nimekasirika, nikiri. Ilikuwa simu yangu! Mwezi mzima moyo umekaa mkononi kwa ajili ya simu ile, nimechafua jina la mtu kwa ajili yake, na ilipoita sikuwepo. Kisha nikakaa chini kwenye matope, nikalia vizuri, kwa sababu hata ningeipokea mimi ningemwambia nini? Jibu halikuwa langu.

Aprili 24

Ndaga fijo, Marta, asante sana. Nimemwandikia kwa simu yangu mwenyewe.

Mei 2

Jua. Mpunga umesimama, sehemu kubwa. Aliko hajapiga tena. Bila simu, bila nauli, atapita nchi ngapi? Nimeanza upya kulala na simu kifuani.

Mei 7

Hakuna.

Mei 12

Hakuna. Mkwe kaanza kukaa barazani kwake, kageukia njia.

Mei 17

Niko shambani nafukuza ndege, simu ikalia, ya grupu. Marta kaweka picha. Mwanamume mwembamba, ndevu, kakaa kwenye gunia la mchele, ana bakuli mkononi, anatafuna mashavu yamejaa. Chini kaandika: "Mugonile. Kilichopotea kingine hiki hapa. Kimeshuka kwenye lori asubuhi, kinauliza njia ya Kasumulu, kinasema ni Aliko wa Ipyana. Nimekilisha. Mwenyewe ajitokeze."

Mimi nilitupa kombeo. Grupu limelia, limecheka, Hezroni kaandika kwa herufi kubwa tupu, yule kijana aliyeuliza kwani kuna nini kaandika kwamba anafuta machozi. Watu nisiowajua hata mmoja.

Nikakimbia. Kwenye njia ya kokoa nikasikia kikohozi mbele yangu. Prisca alikuwa keshampa habari, maana Mkwe alikuwa kavaa koti la kanisani, hilo nimeliona pindo lake tu. Nikarukia mtaroni, nikageuza mgongo. Simu nimeishika kwa mikono miwili.

Hatua zikaja, zikasimama. Hajawahi kusimama. Nikasikia anasema, si na mimi, na miti ya kokoa:

"Leo kilichoshikwa kimeshikwa vizuri."

Akaendelea kutembea. Nilicheka mpaka maji ya mtaroni yakaingia kwenye viatu.

Njia panda, tukimsubiri Wilson aliyekwenda mpakani kumchukua Aliko, tulisimama hivi: yeye upande huu wa barabara, kanipa mgongo, mimi upande ule, nimempa mgongo, Kisa katikati, kila pikipiki ikitokea anauliza, "Ndiyo hiyo?" Kisa hamkumbuki baba yake, mimi nilikuwa namkumbuka wa zamani tu. Tulikaa hapo mpaka kivuli cha Mkwe kikavuka barabara kikanifikia miguuni. Sikukikanyaga. Sikukikimbia pia.

Pikipiki ya Wilson ilitokea kwa mbali ikipiga honi bila kuacha. Nyuma alikaa mtu mwembamba kakumbatia chungu cha Ikombe, zawadi ya Marta.

Mkwe akakohoa. Nami nikakohoa.